Neno Nyuma ya Bampa

Sehemu ya Sita

Mlioanza nami wiki ya kwanza mnakumbuka: karakana iliniachisha kazi baada ya miaka thelathini na moja, mke wangu akarudi kwao na saa ya ukutani akaniachia msumari, na mdogo wangu wa tumbo moja, mnoa visu, akaapa kutonisemesha, akakitunza kiapo hicho kwa miaka minne. Mnaoanza leo, hayo yanawatosha.

Katika yote hayo nilionewa. Katika haya ya leo sikuonewa na mtu.

Ijumaa asubuhi mwanangu aliingia uani kwangu amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa blanketi, kama mtu aliyebeba mgonjwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeniletea nini?"

"Bampa."

"La gari la bosi?"

"La mbele. Limekwaruzwa kidogo. Anataka lirudi leo, jua halijazama."

Mwanangu ni dereva. Anamwendesha bosi mmoja mwenye gari la zamani, refu, jeusi, lenye mabampa ya chuma mbele na nyuma. Bosi huyo anaweza kumwacha mgeni mlangoni ili akamalize kulifuta gari vumbi. Nimemwona kwa macho yangu.

Mimi kazi yangu ni kuondoa mikwaruzo. Tangu nitoke karakana naifanya nyumbani, juu ya meza ya mbao, kwa ndoo mbili za maji, misasa niliyoipanga kwa namba na matambara ya fulana kuukuu. Watu huniletea pete za taa, vitasa vya milango, vifuniko vya magurudumu. Mtaani wananiita Kioo.

Nikalifungua blanketi. Mkwaruzo ulikuwa wa shubiri mbili, umelala upande wa kushoto.

Nikapitisha ukucha. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na anayeiruka si fundi. Ukucha ukiteleza, tosheka na dawa ya kung'arishia na kitambaa. Ukikwama, tafuta msasa. Ukucha wangu ulikwama.

Nikachukua sumaku. Haikushika. Bampa la kromu usiliguse kwa msasa, kwa sababu kromu ni ngozi tu juu ya chuma kingine. Ukiisugua unaichuna, na chini yake kuna aibu. Hili lilikuwa chuma kisichoshika kutu, kilekile nje na ndani. Chuma cha namna hiyo kinavumilia.

Lingekuwa la kromu ningemwambia alirudishe, na leo ningekuwa nawasimulia mambo mengine.

"Ndani kuna rangi," nikasema.

Ilikuwa bluu, imeng'ang'ania kwenye mkwaruzo kama nyama kwenye jino.

"Nimegusa geti, baba."

"Geti la nani?"

"La bosi."

"La bosi si jeupe?"

"Amelipaka upya."

"Lini?"

"Juzi. Mbona unanihoji kama polisi?"

Nikacheka. Nakiri kwamba nilicheka, nikatia msasa ndani ya ndoo ulowe.

Nilianza na namba mia nne, nikasugua upande mmoja tu, kwa maji na sabuni. Kisha mia nane, nikigeuza mkono ukate njia ya ule wa kwanza, ili nione alama za msasa uliopita zimekwisha. Kisha elfu moja mia tano. Kisha elfu mbili, ambao ukiushika unadhani ni karatasi ya barua. Maji ndani ya ndoo yakageuka bluu kidogo, halafu kijivu, halafu meusi. Nikayamwaga kwenye mtaro.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akisema mkwaruzo hauondolewi. Unachofanya ni kukishusha chuma kilichouzunguka, kidogokidogo, mpaka chote kiwe chini sawa na ule mkwaruzo. Hapo watu wanasema umekwisha. Nimelirudia neno hilo miaka mingi mbele ya wanafunzi wa kazi bila kulifikiria.

Mwanangu alikaa kwenye kizingiti muda wote huo. Hakula nilichompa. Alikunywa maji vikombe vitatu.

"Unaumwa?"

"Uchovu tu."

Saa tisa alasiri nikapaka dawa, nikang'arisha mpaka mkono ukafa ganzi, nikamalizia na unga wa ngano kidogo kukausha mafuta. Bampa likawa maji ya kisima.

Nina desturi moja ninapomkabidhi mtu kazi yake. Namwambia, "Jiangalie." Lazima ajione ndani yake, akubali, ndipo achukue.

"Jiangalie," nikamwambia mwanangu.

"Nimeshaona, baba."

"Hujaona. Unatazama mlango."

"Nimeshaona, nakwambia. Nipe niende."

Nikamwambia asubiri, nikaligeuza bampa na kufanya jambo la mwisho, ambalo sasa sina budi kulieleza kwa urefu.

Mpaka miaka sitini na moja nilikuwa natia dole gumba. Kila mwisho wa mwezi karani wa karakana alinishika kidole, akakichovya kwenye wino na kukibandika kwenye karatasi kama mtu anayepiga muhuri mkia wa ng'ombe. Siku moja alikosea mstari, akasema, "Lete tena hicho kidole chako." Jioni ileile nikajiandikisha shule ya jioni ya watu wazima. Nikaapa kwamba dole langu halitagusa wino tena.

Nilimvuta na shemeji yangu, mke wa mdogo wangu. Tulikaa benchi moja lililotengenezwa kwa ajili ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu wetu, binti ambaye ningeweza kumzaa, alikuwa na sheria mbili. Saba ipigwe mkanda katikati, isije ikafanana na moja. Na ukimaliza zoezi, chini kabisa andika "Nimemaliza" na tarehe, siku na mwezi, ili ajue umemaliza kweli wala hukuchoka tu njiani. Mwaka tusiandike. Mwaka kila mtu anaujua.

Nimemaliza. Ndilo neno la kwanza refu nililoliandika peke yangu. Nililipenda neno lile.

Nikaanza kuliandika nyuma ya kila kazi, upande unaofichwa, kwa ncha ya msumari. Karakana hawakujua. Wateja hawakujua. Ilikuwa siri yangu na chuma.

Shemeji naye alijua kusoma, na jambo la kwanza la maana alilolisoma lilikuwa barua aliyoikuta kwenye koti la mumewe. Haikutoka kwa mama yake. Mdogo wangu alinijia siku ile akiwa na jiwe la kunolea mkononi.

"Kaka, wewe na hiyo elimu yako mmeniingizia nyoka kwenye koti."

"Nyoka alikuwamo. Mimi nimewasha taa tu."

"Sawa. Kaa na taa yako."

Akaenda zake. Baadaye nikasikia anawaambia watu wa njia panda, akinoa visu vyao: "Kaka yangu amesugua vyuma mpaka anadhani kila kitu duniani kimewekwa ili ajione yeye." Walicheka sana, nikaambiwa. Hakuwa mwongo, na ndiyo maana sikumsamehe.

Basi. Nyuma ya bampa la bosi nikaandika kwa ncha ya msumari: Nimemaliza. 17.7. Saba zote mbili nikazipiga mkanda.

Mwanangu akalifunga blanketini, akaondoka bila kuaga vizuri.

Jumamosi asubuhi shemeji alisimama mlangoni pangu. Miaka minne hakuwa amekanyaga pale.

"Shemeji, mdogo wako hakurudi tangu juzi."

"Juzi Alhamisi?"

"Alhamisi jioni. Nilidhani amenuna tu, ameenda kwa mwenye barua. Sasa nimesikia kuna mtu wa baiskeli aligongwa barabara ya nyuma ya soko, akaachwa hapo hapo."

Tukaenda hospitali. Walikuwa wamemwandika "mwanamume, mtu mzima". Kichwa kilikuwa kimefungwa chote, na mdomo wake, ule mdomo, ulikuwa wazi kidogo kama anayetaka kuanza utani.

"Anasikia?" shemeji akamuuliza muuguzi.

"Zungumza naye tu, mama. Hatuwezi kujua."

Shemeji akainama sikioni mwake, mimi nikatoka nje. Sikuwa na la kusema ambalo lisingechukua miaka minne.

Nyuma ya stoo ya hospitali baiskeli yake iliegemezwa ukutani, jiwe la kunolea bado limefungwa mbele. Fremu ni ya bluu. Naijua bluu ile. Niliipaka mwenyewe, kwa brashi yangu, kabla ya ugomvi wetu, na kopo nililolitumia bado liko chini ya kitanda changu.

Kwenye fremu rangi ilikuwa imebanduka, shubiri mbili.

Nikafanya nilichozoea. Nikapitisha ukucha. Ukakwama.

Nikapima kimo kwa goti langu; kilikuwa kimo cha bampa la gari. Kisha nikakaa chini pale pale, kwenye sementi, mpaka mfagiaji mmoja aliponiambia, "Mzee, hapo watu hupita."

Jioni nilimkuta mwanangu chumbani kwake, amelala na viatu.

"Geti la bosi ni rangi gani?"

Akageukia ukutani.

"Nimetoka hospitali. Nimemwona baba yako mdogo."

Akaketi. Akaziba uso kwa mikono miwili.

"Amekufa?"

"Bado. Wewe ulijua ni yeye?"

"Jua lilikuwa limenipiga machoni, baba. Nilisikia mlio tu. Bosi yuko nyuma, akasema endesha. Nikapunguza. Akasema tena, endesha."

"Hukutazama nyuma?"

"Nilitazama kwenye kioo."

"Ukaona nini?"

"Baiskeli."

"Baiskeli gani?"

Akatazama viatu vyake.

"Mjini humu kuna baiskeli ngapi za bluu zenye jiwe la kunolea?"

"Moja," akasema.

Nilimpiga kofi. Mtu mzima mwenye ndevu, na mimi mzee wa miaka sitini na minane, na kofi lenyewe halikuwa na nguvu. Hakuinua mkono kujikinga. Alisubiri nimalize, ndipo akasema kwa sauti ya chini, bila hasira, na maneno hayo ndiyo ninayolala nayo:

"Na wewe uliona bluu, baba. Uliiona, ukasugua."

"Uliniambia ni geti."

"Nilikuambia. Uliamini?"

Nimekuwa fundi tangu ujana wangu. Ninatofautisha nikeli na kromu kwa kunusa tu. Rangi ya geti ni ngumu, inatoka vipande vipande. Ile ilikuwa laini, imepakwa kwa mkono, tabaka mbili. Vidole vyangu vilijua. Niliviambia visugue.

"Utakwenda polisi," nikamwambia.

"Nitaoza huko. Na bosi atasema hakuwa garini. Atakayesema alikuwamo ni nani? Mimi?" Akaniangalia. "Mama ameondoka. Baba mdogo ndiye huyo anaondoka. Ukinitoa na mimi, utabaki na nani? Na msumari wa saa?"

Nikarudi nyumbani.

Nilisema moyoni: mdogo wangu akiamka, atasema mwenyewe, na atakalosema nitalibeba. Nilimwachia mgonjwa asiye na fahamu kazi iliyokuwa yangu.

Jumapili nilikaa hospitali, kando ya kitanda chake. Nilimwomba radhi kwa ajili ya ile barua. La bampa sikulisema. Nilijitetea kwamba muuguzi alikuwa karibu.

Jumatatu asubuhi alikata roho. Jumanne tukamzika.

Jumatano watu walikuwa wameanza kupungua msibani. Wanaume wachache walibaki uani wakizungumza kuhusu bei ya mabati, kama ilivyo ada ya wanaume wakiishiwa na machozi. Mimi nilikuwa ndani na shemeji. Alikuwa akikunja nguo za marehemu, shati moja moja, akizipapasa mifuko kwanza kabla ya kuzikunja. Ile tabia haikumtoka.

Mlangoni akaingia mwanamume aliyevaa suruali iliyopigwa pasi vizuri. Alisema yeye ni mpelelezi, akatupa pole, akauliza kama anaweza kukaa. Mkononi alikuwa na kitu kirefu kilichofungwa blanketi.

Ninalijua blanketi lile.

"Wewe ndiye Kioo?"

"Ndiye mimi."

"Nimeuliza mafundi saba nani anang'arisha chuma mjini humu. Saba wote wamenitajia mtu mmoja. Ni sifa hiyo, mzee."

Hapo zamani neno kama hilo lingenilisha wiki nzima.

Akalifungua blanketi sakafuni. Shemeji akaacha kukunja.

"Mshona viatu wa kule nyuma ya soko aliliona gari," mpelelezi akasema. "Refu, jeusi, la zamani. Tukalipata. Bampa la mbele safi, hata inzi angeteleza. Nikasema basi, si lenyewe. Nikawa naondoka, nikapita nyuma ya gari. La nyuma limefifia, limezeeka, limejaa vijimikwaruzo vya miaka. Nikajiuliza, huyu mwenye gari ananawa uso na kuacha miguu? Nikarudi mbele."

Hakucheka wala hakungoja tucheke.

"Dereva tunaye tangu asubuhi. Nimeambiwa ni mwanao."

"Ni mwanangu."

"Na marehemu ni mdogo wako."

"Ni mdogo wangu."

"Pole pande zote mbili, mzee. Sijawahi kumwambia mtu hivyo."

Shemeji alikuwa akinitazama. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu gari. Shati la mumewe lilikuwa bado mikononi mwake, mkono mmoja wa shati umekunjwa na mwingine unaning'inia.

"Mwanao anasema bampa halijaguswa tangu mwaka jana," mpelelezi akaendelea. "Bosi wake anasema hajui lolote, siku hiyo alikuwa nyumbani amelala. Sasa tazama huku."

Akaligeuza.

"Mtu ameandika hapa kwa kitu chenye ncha. Herufi nzuri, zimesimama. Mtu huyu alifundishwa na alifundishika." Akainama, akasoma taratibu: "Nimemaliza. Kumi na saba, mwezi wa saba. Siku moja baada ya ajali. Dereva anasema ni ya mwaka jana, lakini maandishi ya mwaka mzima yangeingia uchafu. Haya bado yanameremeta. Nimekaa nalo neno hili ofisini siku mbili, mzee. Nimemaliza. Najiuliza, alimaliza nini? Au alimmaliza nani?"

Shati likaanguka kutoka mikononi mwa shemeji.

Hakuliokota. Nilimsikia akivuta pumzi mara moja, kama mtu aliyetia mguu kwenye maji baridi. Benchi moja. Miaka miwili. Yeye pia alikuwa ameliandika neno lile mara mia, na tarehe chini yake, na saba yenye mkanda.

"Sisemi ni wewe," mpelelezi akasema. "Mafundi wote saba nimewaandikisha, nawe nitakuandikisha. Jina lako, kazi yako, na mstari mmoja kwamba hulijui bampa hili, kama hulijui. Mwisho tia tarehe ya leo."

Akanipa karatasi juu ya kipande cha ubao, na kalamu.

Tarehe ya leo ilikuwa ishirini na mbili, mwezi wa saba.

Nilifikiri haraka kuliko ninavyofikiri sasa. Naweza kuiandika saba bila mkanda. Lakini je, hiyo m yenye vilima vilivyolingana? Hiyo z? Mkono wangu nimeufundisha miaka saba usimame vizuri. Hauwezi kuanguka kwa dakika moja ukaaminiwa. Nikiandika vizuri, mwanangu amekwisha. Nikiandika vibaya, mpelelezi ataona nimejilazimisha. Iliyobaki ni njia moja, na njia hiyo niliijua kwa sababu niliiishi miaka sitini na moja.

Nikairudisha kalamu.

"Mimi sijui kuandika," nikasema.

Uani watu walikuwa wamefika kwenye bei ya misumari.

"Hujui?"

"Watu wa zamani, bwana mkubwa. Tulikosa bahati hiyo. Nina dole gumba tu. Kama una wino, nitatia."

Ninyi mnaosoma hapa wiki ya sita mnajua kama ninajua kuandika. Kidole kile nilichoapa kwamba hakitagusa wino tena nilikitoa mwenyewe, bila kulazimishwa, nikakinyoosha.

Mpelelezi hakukishika. Alimgeukia shemeji.

"Mama, wewe unamfahamu siku nyingi. Ni kweli shemeji yako hajui kuandika?"

Alinitazama. Hakuna aliyenitazama vile tangu mama yangu. Nilikuwa nimekaa na mumewe hospitali siku nzima ya Jumapili. Nilikuwa nimebeba jeneza upande wa kichwa. Nilikuwa nimekula kwenye sahani zake siku tatu. Yote hayo niliyaona yakipita machoni mwake, moja baada ya jingine, yakigeuka.

"Anachokijua shemeji yangu," akasema, "anakijua mwenyewe."

"Hilo si jibu, mama."

"Nipe karatasi. Si lazima na mimi uniandikishe, mwenye marehemu?"

"Nilitaka uje kituoni kesho."

"Kesho nitakuwa nimechoka. Nipe."

Akaketi mkekani, akaweka ubao juu ya paja, akaandika. Hakuandika haraka. Alitoa ncha ya ulimi pembeni ya mdomo, kama alivyokuwa akifanya kwenye benchi letu, na mwalimu akimtania kwamba ulimi hauna wino. Mistari minne au mitano. Akakoma. Mkono ukabaki hewani kidogo. Kisha ukashuka chini kabisa ya karatasi na kuandika tena.

Akamkabidhi.

Mpelelezi alisoma kwa sauti, sauti ya kazi isiyo na chumvi. Jina lake. Jina la mumewe. Saa aliyotoka nyumbani Alhamisi, rangi ya baiskeli, kwamba hajui aliyemgonga. Juu yangu hakuwa ameandika chochote.

Halafu akafika chini, na sauti ikakatika.

Nilijua kilichoandikwa pale kabla hajatamka. Nilikuwa nimekisoma kwa mwendo wa mkono wake.

"Nimemaliza," akasoma. "Ishirini na mbili, mwezi wa saba."

Mpaka leo sijui kama ulikuwa ni mkono uliozoea, au kama alifanya makusudi, akaniwekea mlango wazi ili nipite mwenyewe kwa miguu yangu. Sijamuuliza. Hakuna tena namna ya kumuuliza.

Mpelelezi aliishusha karatasi sakafuni, akailaza kando ya maandishi ya bampa. Alipiga goti. Alitazama m ya huku na m ya kule. Akaweka kidole juu ya saba moja, kisha juu ya nyingine, akifuata ule mkanda wa katikati. Tulifundishwa na mtu mmoja, kwenye ubao mmoja, na tulikuwa wanafunzi wazuri.

Alipoinuka hakunitazama mimi. Mimi nilikuwa mzee asiyejua kuandika.

"Mama," akasema taratibu, "umesema ulikuwa wapi Ijumaa ile, tarehe kumi na saba?"

"Hapa. Nikimsubiri."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Na barua ile ya kwenye koti, ambayo mtaa mzima wameniambia habari zake. Mliyamaliza?"

Shemeji alikuwa bado ananitazama mimi, akingoja.

"Mtu aliyeisugua kazi hii," mpelelezi akasema, "dawa yake haitoki kwenye kucha hata kwa wiki mbili. Mafundi wote saba wameniambia hivyo. Nyoosha mikono, mama, niione."

Akainyoosha. Mikono ya mwanamke aliyeosha maiti ya mumewe, mitupu, viganja juu, kwenye mwanga wa dirisha.

Nami, hatua mbili kutoka pale, nilikuwa nimekwisha kuvikunja vidole vyangu vyote kumi ndani ya viganja.